Maana ya mfumo wa maandishi: kutoka mchoro wa mbuzi hadi ba, be, bi, bo, bu

Mfumo wa maandishi ni makubaliano ya watu kwamba alama fulani itasimama badala ya sauti, silabi au neno fulani la lugha yao. Neno la kushika hapo ni lugha. Mchoro wa mbuzi ukutani si maandishi, kwa kuwa kila anayeutazama anaweza kuusema apendavyo: mbuzi, kitoweo cha sikukuu, mali ya babu. Maandishi huanza pale watu wote wakiiona alama wanapotamka neno lilelile.

Hatua hiyo ilipigwaje? Tubaki na mbuzi wetu. Tuseme mtu anaorodhesha vyombo vya jikoni kwa michoro, akafika kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kuichora ni kazi, basi anachora mnyama, maana jina ni moja. Msomaji akikuta mnyama katikati ya sufuria na vijiko, anatamka "mbuzi" na kuelewa. Papo hapo mchoro umeacha kusimama kwa mnyama, unasimama kwa sauti.

Sisi hatukupita njia hiyo, ila Wasumeri wa Mesopotamia, ambayo leo ni Iraki, waliipita. Mjini Uruk, yapata mwaka 3300 KK, makarani waliweka hesabu za shayiri na kondoo kwenye vibao vya udongo kwa alama za picha. Katika Kisumeri mshale uliitwa "ti", na neno la uhai nalo lilikuwa na sauti hiyohiyo. Uhai hauchoreki, mshale unachoreka. Wakachora mshale.

Karne nyingi baadaye, watu wa lugha za Kisemiti (jamaa ya Kiarabu na Kiebrania) waliokuwa karibu na Misri walibana zaidi: mchoro ukasimama kwa sauti ya kwanza tu ya jina lake. Kichwa cha ng'ombe, "alp", ndicho kilichozaa alifu. Nyumba, "bayt", ikazaa be. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, anayeimba alifu, be, te anataja ng'ombe na nyumba za watu wa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita bila kujua. Hata herufi A ya Kilatini, ukiipindua juu chini, utaziona pembe mbili.

Mfumo huo uliandika konsonanti peke yake, na kwa lugha zile ulitosha. Angalia maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu: kitabu, katibu, maktaba. Yote yamebeba k, t, b, na maana ya kuandika imekaa humo. Sasa jaribu hivyo kwa Kiswahili. Andika p na t, kisha usome: pata, pita, peta, pete, puta. Hakuna udugu wowote kati ya maneno hayo. Irabu kwetu ndiyo roho ya neno.

Kwa hiyo babu zetu wa pwani walipoanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikutana na kazi nzito. Walifanya hivyo zamani: barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zimehifadhiwa mpaka leo Goa, India. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi: fataha kwa a, kasra kwa i, dhumma kwa u. Kiswahili kina irabu tano, hivyo e ikapanda mgongoni mwa kasra na o mgongoni mwa dhumma. Tena Kiarabu hakina p, ch, v wala ng'. Waandishi wengi wa zamani walitumia be kwa b, kwa p, na hata kwa mb.

Andika basi be mbili, kila moja na kasra yake: بِبِ. Ni bibi? Pepe? Pembe? Kwa tahajia ile, yote yanawezekana.

Ila watu walisoma, tena kwa karne na karne. Msomaji alikuwa na lugha kichwani. Tenzi zilikuwa na vina na mizani vya kumrudisha njiani akiteleza, na mara nyingi beti alishazisikia zikighaniwa kabla ya kuziona kwenye karatasi. Ndiyo maana siwakubali wanaosema herufi za Kiarabu hazikiwezi Kiswahili. Zilihitaji kurekebishwa tu, na wako waliozirekebisha kwa kuongeza alama za e na o na kuazima herufi za Kiajemi kama پ kwa p. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, msomi wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha pendekezo lao la jinsi ya kukiandika Kiswahili sawasawa kwa herufi hizo. Wagiriki nao walifanya kazi ya namna hiyo zamani: walipopokea herufi za Wafoinike, warithi wa ule mfumo wa Kisemiti, walizigeuza baadhi ya konsonanti kuwa irabu, na alifu ikawa a. Zile irabu tano za Kilatini tunazojivunia zilitokana na marekebisho hayo.

Tahajia ya Kilatini tunayoitumia sasa ilianza kujengwa na wamisionari karne ya 19, ikasimamishwa rasmi na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja. Inafaa sana, lakini nayo ina vitu inavyoviacha. Mtu wa Mombasa hutamka paa la nyumba tofauti na paa wa porini, kwani p ya mnyama hutoka na pumzi. Kwenye karatasi yote mawili ni paa.

Nguvu yake kubwa ni silabi. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na kila irabu ina sauti moja, ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza huanza na ba, be, bi, bo, bu. Chuoni ni vivyo hivyo: be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Mtoto akizishika silabi anaunganisha: ka-la-mu. Mtoto wa Kiingereza hana raha hiyo, maana herufi moja humbadilikia sauti kutoka neno hadi neno.

Vikwazo vipo. Ng'ombe husomwa "ngombe" mpaka mtoto aione kazi ya kile kikato. Mbuni ni mtihani zaidi: ndege ni mbu-ni, anayebuni ni m-bu-ni, na tahajia haisemi ni yupi.

Mtazame mtoto akisoma kwa kidole: "Ka-zi i-me-fa-nyi-ka ba-ra-ba-ra." Mara ya kwanza anaukaza mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, yaani ba-ra-BA-ra, ile ya magari. Ananyamaza, kidole kimetulia. Halafu anarudia sentensi nzima, na safari hii anasema ba-RA-ba-ra, kama anavyosikia nyumbani kazi ikisifiwa.