Daftari la mizani likitakiwa London

Wateja wangu wa viwanda vya minofu hapa Mwanza wana imani moja ngumu: mgogoro ukipelekwa kwa wasuluhishi, yaani waamuzi wa faragha waliokubaliwa kwenye mkataba, badala ya mahakamani, kila kitu ni siri, na habari ya taarifa binafsi imeishia hapo. Si kweli. Siri ya usuluhishi inawalinda wenye mkataba. Sheria ya taarifa binafsi inamlinda mtu ambaye jina lake limo kwenye karatasi, hata kama mkataba wenyewe hajawahi kuuona.

Chukua mgogoro wa kawaida. Kiwanda kimemuuzia Mholanzi sangara waliogandishwa, naye anadai mzigo umefika umeharibika. Mkataba unataka usuluhishi ufanyike London. Mawakili wake wanaomba ushahidi wa ubaridi wa mzigo, na meneja yuko tayari kutuma folda nzima: daftari la mizani lenye majina na namba za simu za wavuvi, malipo yao ya simu, jumbe za kundi la WhatsApp la madereva, mpaka vyeti vya afya vya wakata minofu.

Hapo ndipo ninapomzuia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihesabu afya kuwa taarifa nyeti. Inaihesabu hivyo pia miamala ya fedha ya mtu, jambo linalowashtua wengi. GDPR, sheria ya taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, haiiweki miamala kwenye kundi hilo, kwa hiyo wakili wa Rotterdam anaweza kuiomba bila hata kuwaza. Kupeleka taarifa nje ya nchi nako kuna masharti yake. Sheria zote mbili zinaruhusu kinachohitajika kudai au kutetea haki, lakini kinachohitajika tu. Ubaridi unathibitishwa na rekodi za kipimajoto cha kontena. Namba ya mvuvi wa Ukerewe haithibitishi kitu. Ifiche, muite "Mvuvi 14", orodha halisi ibaki kwa wakili.

Utasikia watu wakitaja kesi ya Tennant dhidi ya Kanada, ambapo mwaka 2019 wasuluhishi walisema GDPR haiwagusi. Ile ilikuwa kesi ya NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Meksiko, ambao Umoja wa Ulaya haukuwamo. Mauziano yako ya samaki ni ya kibiashara, usijifiche nyuma yake. Kanuni za 2020 za LCIA, taasisi ya usuluhishi ya London, kwa mfano, zina kifungu kizima cha ulinzi wa taarifa, cha 30A.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza cha ratiba, omba yaandikwe: nani anatunza nyaraka, ziko kwenye seva ya nani, na tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ikishatoka zinafutwa lini. Usiwasahau wataalamu wa kila upande, maana nakala huwa zinabaki kwenye kompyuta zao.

Na lile kundi la WhatsApp, meneja asifute ujumbe hata mmoja kabla wakili hajauona. Kuficha majina ni jambo moja. Kuharibu ushahidi ni kesi nyingine kabisa.