Florini-18 Haisubiri Basi la Mbeya: Dhana Potofu na Ukweli

Mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini anapoambiwa asafiri mbali kufanyiwa kipimo cha PET, yaani picha ya mwili inayotumika kutafuta saratani, ndugu zake huuliza kwa nini dawa ya mionzi inayotumika, yenye florini-18, isiagizwe kwa wingi na kuwekwa kwenye jokofu la hospitali, kama zinavyowekwa chanjo. Swali lina mantiki, ila limejengwa juu ya dhana kwamba dawa hii huharibika kwa joto. Kinachopungua ni kiini cha atomu chenyewe, na kiini hakijui baridi wala moto. Kila baada ya dakika 110 hivi, nusu ya florini-18 iliyokuwapo huwa imekwisha, iwe imezungushiwa barafu au imeachwa juani.

Tuseme saiklotroni, yaani mashine inayotengeneza florini-18, iko Dar es Salaam na mashine ya kupiga picha imefungwa Mbeya. Dawa ikipakiwa kwenye basi la alfajiri, ikapanda Kitonga na kuingia Mbeya baada ya mwendo wa saa 12, kitakachofika ni takriban asilimia 1 ya kilichoondoka. Iringa, kwa mwendo wa saa 8, ingepata kama asilimia 5. Kwa ndege ya kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, tukihesabu safari nzima kuwa saa 4 pamoja na upakiaji na barabara, ingebaki zaidi kidogo ya moja ya tano. Hapo ndipo hesabu inapoanza kukubali, mradi iandaliwe karibu mara tano ya kiasi kinachohitajika na ndege isichelewe.

Dhana ya pili inasikika zaidi huku kwetu kwa sababu ya habari za urani ya Namtumbo: kwamba dawa hii hutokana na madini yanayochimbwa. La hasha. Malighafi yake ni maji, mililita chache tu, ambayo oksijeni yake ya kawaida imebadilishwa na oksijeni-18 iliyo nzito zaidi. Saiklotroni huzungusha protoni hadi zipate kasi kubwa, kisha huzielekeza kwenye maji hayo. Kiini cha oksijeni kikipokea protoni na kutoa nyutroni, kimegeuka florini-18.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe kemia ndiyo kwanza inaanza. Ndani ya kabati lenye kuta nene za risasi, florini hunaswa na kutenganishwa na maji, kisha hukaushwa kwa makini, kwa kuwa florini iliyozungukwa na maji ni mvivu wa kuungana na kitu kingine. Ikishakauka huunganishwa na kemikali ya jamii ya sukari, na baada ya hatua ya mwisho ya kuondoa vikinga vya kemikali hiyo, yaani vipande vinavyozuia florini isiungane mahali pasipotakiwa, hupatikana FDG, yaani glukosi iliyobebeshwa florini. Mashine hukamilisha hatua hizi kwa muda wa kama nusu saa. Dawa huchujwa kuondoa vijidudu, hupimwa usafi na uchachu wake, na uzima wa chujio lenyewe huhakikiwa, maana jibu la kipimo kamili cha vijidudu huchukua siku 14 na dawa haiwezi kulisubiri.

Wapo pia wanaohofia florini yenyewe, wakikumbuka meno yenye madoa ya watu wa Arusha na Meru, yanayotokana na floridi nyingi kwenye maji. Dozi ya megabekereli 370 (kipimo cha wingi wa mionzi inayotolewa na dawa) ina florini-18 yenye uzito wa takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya gramu. Kiasi hicho hakiwezi kudhuru jino la mtu yeyote. Mionzi ni jambo jingine: dozi hiyo humpa mgonjwa milisiviti 7 hivi (kipimo cha mionzi inayoupata mwili), sawa na mionzi ya asili ya takriban miaka mitatu, mbali na ile ya picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, inayoambatana nayo. Hata hivyo, si kweli kwamba anarudi nyumbani akiwa hatari kwa familia. Huombwa anywe maji, aende haja ndogo mara kwa mara, na kwa saa chache asikae karibu na watoto wachanga au wajawazito. Baada ya saa 24 hubaki chini ya sehemu moja ya elfu nane ya florini-18 aliyopewa.

Kuhusu kufunga kula kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, chai ya sukari ni chakula, na ulanzi, pombe ya mianzi, nao una sukari yake. Sukari hiyo hushindana na FDG, na picha hufifia.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni kwamba kila panapong'aa pana saratani. FDG huingia popote seli zinapokula glukosi kwa wingi: ubongo hung'aa siku zote, kibofu hung'aa kwa sababu dawa hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo, na kifua kikuu kinaweza kung'aa kama uvimbe wa saratani. Kwa hiyo doa la kwenye pafu mara nyingi huhitaji kuchukuliwa kinyama na kuchunguzwa kwa hadubini kabla ya mgonjwa kuanzishiwa tiba yoyote.