Kabla ya Kununua Pikapu Kubwa Iliyotumika, Fungua Kwanza Mlango wa Dereva

Karibu kila mtu anayenitumia picha za pikapu anayotaka kuinunua kwa ajili ya kuvuta trela huambatanisha sentensi ileile: "Inavuta tani tano, nimeshaangalia." Nikimuuliza ameangalia wapi, jibu huwa ni brosha ya mwaka ambao gari lilitoka kiwandani, au tangazo la muuzaji aliyeinakili brosha hiyohiyo. Nimelijibu jambo hili hadi nimechoka, na sasa ninaliandika mahali pamoja ili anayefuata nimwelekeze hapa, nami nirudi chini ya gari ninalolikagua.

Takwimu ya brosha ni ya kweli, ila kwa kawaida si ya gari unalolitazama. Ni ya lile lililounganishwa kwa namna iliyo bora kabisa kwa kuvuta: injini yenye nguvu zaidi, difu yenye uwiano unaofaa, rejeta kubwa, kipoza mafuta ya giaboksi, na mara nyingi bila viti vya ngozi, paa la kioo wala madoido mengine yanayoongeza uzito. Ford F-150 ya mwaka 2018 ilitangazwa kuvuta hadi pauni 13,200, yaani karibu kilo 6,000; wakati huohuo yalikuwapo magari ya jina hilohilo na mwaka huohuo ambayo hayakuruhusiwa kuvuta hata nusu ya hapo. Yakiegeshwa pamoja, mtu asiyejua atadhani yanatofautiana rangi tu.

Jinsi takwimu hizo zilivyopimwa nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilipima kwa utaratibu wake, hadi wahandisi wa Marekani walipokubaliana juu ya kiwango kiitwacho J2807. Toyota ilitangulia kukifuata kwa magari ya mwaka 2011, na washindani wake wakachukua miaka kadhaa kabla ya kuwafikia. Ni kipimo kigumu na ninakiheshimu, kwa sababu gari hupandishwa mteremko wa Davis Dam kule Arizona, wenye urefu wa takriban kilomita 18, katika joto la nyuzi 38 huku kiyoyozi kikiwa wazi hadi mwisho, na halitakiwi kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Ila ndani yake hukaa watu wawili wanaohesabiwa kuwa na kilo 68 kila mmoja, na bodi huwa karibu tupu. Watoto hawamo, wala jenereta, wala sanduku la spana. Kwa hiyo unaponunua gari la kabla ya kiwango hicho, usiilinganishe takwimu yake na ya gari jipya zaidi, maana hazikupimwa kwa mizani moja.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango wa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani pana kibandiko cha tairi na mzigo kinachosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilo mahususi, pamoja na vifaa vyote lilivyotoka navyo kiwandani, na ndiyo ya kwanza ninayoomba kabla sijauliza habari ya injini. Tuseme imeandikwa kilo 650, jambo la kawaida kabisa kwa pikapu ya daraja liitwalo la nusu tani (ni jina tu la daraja, kama hiyo F-150) yenye milango minne na mapambo mengi. Dereva naye anahesabiwa, ingawa wengi humsahau. Watu wanne wazima ni kilo 300. Chuma cha kuvutia pamoja na nondo za kusawazisha uzito ni kilo 45. Kifuniko cha bodi, spana, jeki na maji ni kilo 80. Zimebaki kilo 225, na hizo ndizo unazoweza kuziruhusu zikae kwenye tufe la kuvutia, lile duara la chuma nyuma ya gari ambalo kichwa cha trela hukalia.

Trela ya kawaida inayofungwa nyuma ya bampa huweka kwenye tufe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Tukichukua asilimia 12, kilo 225 zinatosha trela ya kilo 1,875. Hiyo ndiyo "tani tano" yako. Trela ya tani tano kamili ingeweka kilo 600 kwenye tufe, na hapo dereva akiwa na kilo 80 tayari amekipita kibandiko, hata kama amesafiri peke yake na hana chochote mfukoni. Injini ingeivuta bila taabu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa kuwa gari linaloondoka vizuri kwenye taa huwashawishi kwamba linaweza kazi. Kinachozidiwa kwanza si injini bali ekseli ya nyuma, tairi, springi na breki, na hivyo havilalamiki mpaka siku unapolazimika kusimama ghafla mteremkoni.

Hapa ndipo ninapoletewa dawa. La kwanza ni mifuko ya hewa, au springi ngumu zaidi. Hizo hunyanyua mkia wa gari na kulifanya lionekane vizuri, lakini hazibadilishi ekseli, beringi wala breki, na kibandiko kinabaki kilekile. La pili ni zile nondo za kusawazisha uzito, ambazo ni kifaa kizuri sana. Nyingi ya pikapu hizi haziruhusiwi kuvuta uzito wao wa juu bila nondo hizo, na kikomo kimeandikwa kwenye lebo iliyo kwenye tundu la chuma chenyewe, ukiinama kukisoma. Kazi ya nondo ni kurudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele na nyingine kidogo kwenye ekseli za trela. Hazifuti uzito. Aliyekuambia zinafuta alikuwa anakuuzia.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Basi nitanunua ya dizeli." Injini ya dizeli ni nzito, na uzito wake unakatwa katika kilekile kiasi unachoruhusiwa kubeba. Pikapu nyingi za daraja linalofuata juu yake, la robo tatu ya tani, zimewekewa ukomo wa uzito wa jumla, gari pamoja na mzigo wake, wa pauni 10,000, kama kilo 4,536, na ukishaweka dizeli, milango minne na giaboksi ya magurudumu yote, ndugu yake wa petroli huweza kubeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Dizeli ina faida zake za kweli: mvuto mkubwa katika mizunguko michache, na kwa matoleo mengi ya siku hizi, breki ya eksozi inayokupumzisha kwenye miteremko mirefu. Hata hivyo, ukiinunua ikiwa imetumika halafu ukaiendesha safari fupifupi za mjini, chujio la masizi litaziba, na bei ya matengenezo yake itakushangaza. Inamfaa anayevuta mzigo mzito, mbali, na mara kwa mara.

Nikiri jambo moja ambalo vitabu hulipita kimyakimya. Ile asilimia 10 hadi 15 si sheria ya maumbile. Ulaya trela huvutwa kwa magari madogo, na mara nyingi tufe huruhusiwa kilo 75 hadi 100 tu, lakini barabara zao hazijajaa trela zilizopinduka. Sehemu ya maelezo ni mwendo: Ujerumani, kwa mfano, ukomo wa kawaida wa gari lenye trela ni kilomita 80 kwa saa, au 100 kwa kibali maalumu, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo trela yenye kichwa chepesi inavyoelekea kuyumba. Mgawanyo wa mizigo ndani ya trela nao una uzito wake katika hoja hii. Kwa trela zilizojengwa kwa mtindo wa Kimarekani na mwendo wa barabara kuu, ninabaki na asilimia 12, lakini sitamwita mjinga anayehoji. Vilevile kanuni ya "usivuke asilimia 80 ya uwezo" ambayo mafundi tunaitoa kwa sauti ya mamlaka ni tahadhari ya desturi tu. Ninaifuata, ila hakuna aliyewahi kunionyesha hesabu iliyoizaa.

Kuhusu hali ya gari lenyewe, muuzaji atakuambia halijawahi kuvuta kitu. Lala chini utazame. Tufe lililong'aa upande mmoja, tundu la chuma lililopanuka kwenye pini, waya za trela zilizounganishwa kwa utepe na kidhibiti cha breki za trela kilichong'olewa kikaacha matundu chini ya dashibodi vinasema vyenyewe. Kuvuta si dhambi; gari lililovuta kwa uangalifu na kubadilishiwa mafuta ya giaboksi na difu kwa wakati ninalipenda kuliko lenye kilomita chache ambalo halikuguswa. Mafuta ya giaboksi yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua ni dalili mbaya, lakini yakiwa mekundu na safi usifurahi haraka, kwa kuwa huenda yalibadilishwa juzi tu, na giaboksi nyingi za sasa hazina hata kijiti cha kupimia. Ninachokiamini zaidi ni kuliendesha likiwa limepata moto, kwa mwendo usiobadilika na mguu mwepesi kwenye mafuta: likitetemeka kana kwamba unapita juu ya matuta madogo yaliyofuatana, kigeuza mvuto (torque converter, kiungo kati ya injini na giaboksi) kinaanza kuchoka. Hata jaribio hilo si la uhakika. Nimeshuhudia giaboksi iliyofaulu kila kipimo ikifa katika mlima wa kwanza.

Kutu ya chasisi ni rahisi: gonga kwa nyundo karibu na vikalio vya springi, na ikibomoka ondoka. Tairi zisome tarehe kwenye namba ya DOT iliyo ubavuni, tarakimu nne za mwisho zikiwa wiki na mwaka, na uhakikishe hakuna aliyezibadilisha akaweka za gari la abiria kwa sababu zilikuwa laini au nafuu. Uwiano wa difu uutafute kwa namba ya chasisi. Gari la uwiano wa 3.73, unaovuta kwa nguvu zaidi, na la 3.15 ni watu wawili tofauti mlimani, ijapokuwa giaboksi za gia kumi zimeipunguza tofauti hiyo.

Anayevuta boti ndogo mara tatu kwa mwaka hahitaji kununua pikapu kubwa, akodishe. Anayejua uzito wa trela yake ikiwa imejaa, si ule ulioandikwa ikiwa tupu, auzidishe kwa 0.12, ajumlishe familia na vyombo, kisha atafute kibandiko kinachoupita ujumla huo. Akipata la nusu tani, vizuri. Asipolipata, apande daraja badala ya kununua mifuko ya hewa. Na kabla ya kulipa, amwombe muuzaji waende kwenye mizani ya magari makubwa, tangi likiwa limejaa, wapime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Rimu kubwa, bampa la chuma na kifuniko cha bodi vilivyoongezwa na mwenye gari wa kwanza havimo kwenye kibandiko, na kila kilo yake inatolewa kwenye tufe.