Grendizer haikupendwa kwa ladha peke yake

Husemwa kwamba Grendizer, katuni ya Kijapani ya roboti, iliwapagawisha Wafaransa na Waarabu kwa kuwa ni bora kuliko katuni zote za roboti, na Wamarekani hawakuijali kwa sababu ladha yao ni nyingine. Sivyo. Tazama kwanza ratiba ya televisheni.

Nchini Japani ilianza kuonyeshwa Oktoba 1975, vipindi 74, ikiwa ya tatu katika mfululizo mmoja wa katuni za roboti, baada ya Mazinger Z (1972) na Great Mazinger. Roboti lenye rubani kichwani halikuwa jipya tena. Nchini Ufaransa ilitua Julai 1978 kwa jina la Goldorak. Nchi nzima ilikuwa na chaneli tatu tu, na Mazinger Z ilikuwa bado haijafika. Mtoto angekimbilia wapi? Waarabu walipata sauti za Kiarabu zilizorekodiwa Lebanon, pamoja na wimbo wa mwimbaji Sami Clark, ambao hata wenye mvi wanaukumbuka. Marekani ilipewa vipindi 26 tu mwaka 1980, ndani ya kifurushi cha katuni kadhaa kilichoitwa Force Five, tena kwenye vituo vya baadhi ya miji.

Hispania je? Huko iliyotangulia, mwaka 1978, ni Mazinger Z, na ndiyo iliyojengewa sanamu kubwa mkoani Tarragona.