Jina na Nambari: Kuhariri Akaunti ya Mtumiaji kwa Mstari wa Amri katika Linux

Katika kazi yangu ya kusimamia seva za Linux, ombi la kubadilisha jina la mtumiaji, kundi lake au saraka yake ya nyumbani hunifikia mara nyingi, na karibu kila anayeliomba huamini kuwa ni jambo la dakika moja. Amri yenyewe kweli huisha kwa sekunde chache na kwa kawaida haisemi chochote. Matatizo huja baadaye: kazi iliyopangwa kufanyika usiku haifanyiki, faili zinakuwa hazina mwenyewe, au mtu aliyeondolewa anaendelea kuingia. Chanzo huwa kilekile, nacho ni kudhani kwamba akaunti ni kitu kimoja. Akaunti ni mistari michache katika faili kadhaa za maandishi, na mambo mengine yote ya mfumo hushikamana nayo kwa njia mbili tofauti: mengine kwa jina, mengine kwa nambari. Kabla ya kugusa chochote, ni lazima ujue unachobadilisha ni kipi kati ya hivyo viwili.

Mstari mkuu umo katika faili ya /etc/passwd, na huonekana hivi:

amina:x:1001:1001:Amina Salehe,,,:/home/amina:/bin/bash

Una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha: jina la kuingilia, herufi x inayoonyesha kuwa nywila imehifadhiwa kwingine, nambari ya mtumiaji, nambari ya kundi lake la msingi, maelezo ya mtu, saraka ya nyumbani, na programu inayofunguliwa anapoingia. Nywila iliyofumbwa imo katika /etc/shadow, ambayo watumiaji wa kawaida hawaruhusiwi kuisoma, ilhali uanachama katika makundi ya ziada umo katika /etc/group. Sehemu ya tano bado inaitwa GECOS, jina lililotokana na mfumo endeshi wa kampuni ya General Electric. Unix ya mwanzo katika maabara ya Bell ilitumia sehemu hiyo kubeba taarifa za kutuma kazi za uchapishaji kwenye mashine hizo. Mashine zimekwisha toweka, jina limebaki.

Kiini cha mfumo endeshi hakijui jina la mtu yeyote. Kila faili kwenye diski imeandikiwa nambari ya mmiliki wake, na unapoona neno amina katika matokeo ya ls -l, amri inayoorodhesha faili, ujue kwamba ls imeichukua nambari 1001, ikaitafuta katika orodha ya watumiaji, kisha ikakuonyesha jina ililolikuta huko. Vivyo hivyo, mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, hayatokani na neno root bali na nambari 0; mstari wowote wenye nambari hiyo, hata ukiitwa jina gani, una mamlaka kamili. Kwa upande mwingine, yapo mambo yanayomtambua mtumiaji kwa jina: faili za crontab (ratiba za kazi zinazojiendesha zenyewe kwa programu ya cron), kanuni za sudo (amri inayompa mtumiaji mamlaka ya root kwa muda), orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kutoka mashine nyingine kwa SSH, pamoja na /etc/subuid inayotumiwa na kontena, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa na sehemu nyingine za mfumo. Ukibadilisha jina, mambo haya hayakufuati. Ukibadilisha nambari, faili ndizo zisizokufuata.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza ni kutazama:

getent passwd amina
id amina

Ninapendelea getent kuliko kuisoma faili moja kwa moja, kwa sababu getent huuliza vyanzo vyote ambavyo mfumo umeelekezwa kuvitumia, ikiwemo LDAP, yaani orodha ya watumiaji inayotunzwa kwenye seva ya pamoja. Ikiwa getent inamwonyesha mtumiaji ilhali hayumo katika /etc/passwd, basi akaunti yake inatunzwa kwenye seva nyingine na huko ndiko inakopaswa kuhaririwa; usermod, amri kuu ya kuhariri akaunti, itakataa na kusema kuwa mtumiaji huyo hayumo katika faili.

Tuseme sasa amina anapaswa kuitwa asalehe. Amri ni tatu:

usermod -l asalehe amina
usermod -d /home/asalehe -m asalehe
groupmod -n asalehe amina

Ya kwanza hubadilisha jina la kuingilia tu. Ya pili hubadilisha njia ya saraka ya nyumbani, na ni chaguo la -m linaloihamisha saraka yenyewe pamoja na vilivyomo. Ukilisahau, mstari utaelekeza mahali pasipokuwepo na mtumiaji atajikuta hana nyumba pindi anapoingia. Ya tatu hubadilisha jina la kundi lake binafsi, ambalo mifumo mingi huliunda pamoja na akaunti na ambalo usermod -l haligusi. Mtumiaji asiwe na mchakato wowote unaoendelea wakati huo, kwani usermod itakataa na kukutajia nambari ya mchakato uliomzuia. Ikiwa akaunti ni yako mwenyewe, ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka. Usijaribu kuifanya kazi hii ukiwa ndani ya kikao kilekile unachokibadilisha.

Baada ya hapo hufuata sehemu ambayo wengi huiruka. Faili ya crontab ya amina bado inaitwa amina ndani ya /var/spool/cron, na kwa kuwa jina hilo halipo tena, cron huiacha bila kuitekeleza. Hakuna ujumbe unaomfikia mtu yeyote. Ni kumbukumbu za mfumo pekee zinazotaja jambo hilo. Ipe faili hiyo jina jipya, kisha tafuta jina la zamani katika saraka ya /etc:

grep -rnw amina /etc

Amri hii huonyesha kanuni za sudo, mipangilio ya SSH na huduma zilizoandikwa ziendeshwe kwa jina la mtumiaji huyo. Mimi siihesabu kazi kuwa imekwisha kabla ya kuupitia kila mstari iliouonyesha. Kanuni za sudo zihaririwe kwa visudo, ambayo hukagua uandishi kabla ya kuhifadhi. Kosa moja la uandishi katika faili ya kanuni hizo linaweza kumfungia nje kila anayetegemea sudo.

Kubadilisha nambari ni kazi nzito zaidi. Mara nyingi sababu yake ni saraka inayoshirikiwa kwa NFS, njia ya mashine kadhaa kutumia faili zilezile kupitia mtandao: katika mpangilio wake wa kawaida wa toleo la 3, NFS hupeleka nambari wala si majina, kwa hiyo mtu mwenye 1001 kwenye mashine moja na 1005 kwenye nyingine huonekana kama watu wawili tofauti. Amri ya usermod -u 5001 asalehe hubadilisha nambari na pia husahihisha umiliki wa faili zilizo ndani ya saraka yake ya nyumbani. Zilizo nje ya hapo haizigusi. Hizo ni lazima uzitafute mwenyewe:

find / -xdev -uid 1001 -exec chown -h 5001 {} +

Chaguo la -xdev huizuia find isivuke kwenda kwenye diski nyingine, hivyo amri irudiwe kwa kila diski inayohusika. Chaguo la -h huhakikisha kwamba viungo vya ishara, yaani faili ndogo zinazoelekeza kwenye faili nyingine, vinabadilishwa vyenyewe badala ya faili vinazozielekeza. Kuliacha hili bila kulifanya ni hatari ya kiusalama, wala si suala la unadhifu tu: siku nambari 1001 itakapopewa mtu mpya, mtu huyo atazimiliki faili zote zilizobaki bila yeyote kumpa ruhusa.

Kuhusu makundi, kosa ninalotaka kulisisitiza nimelifanya mimi mwenyewe. Nilitaka kumwongeza mwenzangu katika kundi la docker, nikaandika usermod -G docker kisha jina lake. Chaguo la -G likiwa peke yake halimaanishi ongeza. Humaanisha kwamba orodha ya makundi yake ya ziada sasa iwe hii tu. Akatoka katika makundi mengine yote, likiwemo lile lililompa sudo, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye mamlaka kwenye seva ile, ilitulazimu kuiwasha upya katika hali ya uokoaji. Andika -aG kila mara, au tumia gpasswd, ambayo maana yake haipotoshi:

gpasswd -a asalehe docker
gpasswd -d asalehe docker

Ya kwanza humwongeza, ya pili humtoa. Kumbuka pia kwamba kikao kilichokwisha kufunguliwa hubaki na makundi kiliyoanza nayo. Ndiyo maana id bila jina, inayosema kuhusu kikao cha sasa, inaweza kutofautiana na id asalehe, inayosoma orodha iliyohifadhiwa. Mtumiaji atoke na kuingia upya.

Maelezo ya mtu hubadilishwa kwa chfn, na programu ya kuingilia kwa chsh. Mtumiaji wa kawaida ataruhusiwa kuchagua zile tu zilizoorodheshwa katika /etc/shells.

Yapo mazingira ambayo kuhariri faili kwa mkono hakuepukiki, kwa mfano mstari ulioharibika ambao usermod haiwezi kuusoma. Hapo usiifungue /etc/passwd kwa kihariri cha kawaida. Tumia vipw, au vipw -s kwa /etc/shadow, na vigr kwa makundi. Amri hizi huweka kufuli ili mtu anayebadilisha nywila yake wakati huohuo asije akafuta ulichokiandika, au wewe ukafuta chake. Ukimaliza, endesha pwck -r na grpck -r, ambazo hukagua bila kubadilisha kitu. Nakala ya hali iliyotangulia kwa kawaida huwa katika /etc/passwd-, yaani jina lilelile lenye kistari mwishoni.

Kwa upande wa nywila, epuka usermod -p. Inatarajia nywila iliyokwisha fumbwa, kwa hiyo ukiandika maneno ya kawaida utahifadhi kitu ambacho hakitalingana na nywila yoyote. Isitoshe, ulichokiandika huonekana kwa watumiaji wengine katika orodha ya michakato. Tumia passwd. Kwa muda wa kuisha, tumia chage: chage -l asalehe huonyesha hali ilivyo, na chage -d 0 asalehe humlazimisha kubadilisha nywila atakapoingia tena. Ukifungua /etc/shadow utakuta tarehe zimeandikwa kama idadi ya siku tangu 1 Januari 1970, hivyo 20000 ni tarehe 4 Oktoba 2024.

Limebaki suala la kufunga akaunti ya mtu aliyeondoka, na hapa ndipo ninapoona uzembe wenye madhara makubwa zaidi. Amri ya usermod -L huweka alama ya mshangao mbele ya nywila iliyofumbwa ili isilingane tena na chochote. Hiyo huzuia nywila peke yake. Mtu mwenye ufunguo wa SSH ndani ya saraka yake ya nyumbani, kwenye mipangilio ya kawaida inayotumia PAM (sehemu ya Linux inayothibitisha wanaoingia), ataendelea kuingia kama jana. Ili kuifunga akaunti yenyewe, iwekee tarehe ya kuisha iliyokwisha pita:

usermod -L -e 1 asalehe

Hata hapo, kikao kilicho wazi hakifungwi kwa sababu tarehe hukaguliwa wakati wa kuingia tu. Kwenye mifumo inayotumia systemd, programu inayosimamia huduma na vikao, loginctl terminate-user asalehe hukata vikao vilivyopo; kisha endesha pgrep -u asalehe uone kama kuna mchakato uliosalia, na uiondoe crontab yake. Akirudi kazini, usermod -U asalehe hurudisha nywila, na chage -E -1 asalehe huondoa tarehe ya kuisha.