Zege la bakteria linaziba, haliungi

Nimesoma tena, sijui mara ya ngapi, kwamba wataalamu wametengeneza "saruji hai inayojiponya kama ngozi". Nilijizuia zamani, leo nimeshindwa.

Maana yake kwa ufupi: ni zege lililotiwa bakteria waliolala pamoja na chakula chao. Ufa ukitokea na maji yakapenya, wanaamka, wanakula, na kula kwao kunazalisha kalsiamu kabonati, madini yaleyale ya mawe ya chokaa, ambayo hujaa ufani. Hendrik Jonkers wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, alianza kulifanyia kazi mwaka 2006. Basi.

Sasa hilo neno saruji. Saruji ni unga wa kwenye mfuko. Zege ni huo unga ukishakutana na mchanga, kokoto na maji. Asili ya neno saruji ni Kiajemi, saruj, na huko lilitaja mchanganyiko wa chokaa, udongo na majivu uliojengewa mabirika ya maji. Mbishi atasema basi asili inamtetea yeye. Namkubalia nusu. Lakini neno limeshahama, na hakuna fundi anayemwaga saruji juu ya nondo. Hata bakteria ni neno la Kigiriki lenye maana ya fimbo ndogo, na Bacillus, jina la kundi wanakotoka wengi wa hawa wa kwenye zege, ni fimbo ndogo hiyohiyo kwa Kilatini. Hatuwaiti fimbo.

Na huo uhai uko wapi? Zege bichi lina ukali wa alkali, pH 12 hadi 13 kwenye kipimo cha asidi na alkali, unaoua viumbe wengi. Hawa wanasalimika kwa sababu ni spora, wamejifunga ganda, na mara nyingi hufichwa ndani ya vikokoto vyepesi vya udongo wa kuchoma. Vikokoto hivyo ni laini kuliko mawe, kwa hiyo vikizidi, zege linapungua nguvu. Umeona? Kitu kinachosifiwa kwa kuimarisha kinaweza kudhoofisha.

Ndiyo maana "kujiponya" nako kunanikwaza. Mfupa uliounga unabeba mzigo. Ufa wa zege hili, usiozidi takriban milimita 0.8, unabaki na uzi mweupe uliojaa, maji yasifike kwenye nondo zikashika kutu. Kama msingi unatitia, ufa utafunguka tena palepale. (Na ule weupe unaochanua kwenye kuta zenye unyevu ni chumvi tu, si bakteria wako kazini.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema zege linaloziba nyufa zake ndogo. Likikushinda kwa urefu, sema zege la bakteria, nitakuelewa.