Kifafa Kinachosubiri Mtu Alale

Wazazi wengi hufika kliniki ya kifafa wakiwa wameshahangaika kwingine. Kijana wao hukurupuka usiku, akapiga kelele na kurusha miguu kama anayeendesha baiskeli. Haichukui hata dakika mbili, amelala tena. Asubuhi hana kumbukumbu, na mchana ni mzima kabisa. Bibi anasema jinamizi, jirani anasema mashetani, na hata sisi madaktari tumewahi kuwaambia watu wa namna hii kwamba ni mawazo tu.

Aliyetufungua macho ni daktari wa Italia, Elio Lugaresi (1926–2015) wa Chuo Kikuu cha Bologna. Alijifunza kifafa Marseille, Ufaransa, kwa bingwa Henri Gastaut, kisha akarudi kwao na kumfuata mgonjwa mpaka usingizini: usiku kucha, vinasa umeme wa ubongo kichwani, mkanda wa kupima pumzi kifuani, na kamera inayorekodi.

Mwaka 1981, yeye na mwenzake Fabio Cirignotta waliandika habari za wagonjwa 5 waliokuwa na mitikisiko ya usiku kama hiyo. EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, haikuonyesha dalili za kifafa, lakini walipopewa kabamazepini, dawa ya kifafa, walipata nafuu. Lugaresi hakujifanya anajua. Aliuliza wazi, tena kwenye kichwa cha makala yenyewe, kama hiki ni kifafa au ni ugonjwa mpya. Mimi namheshimu kwa swali hilo kuliko kwa jambo lingine lolote aliloandika.

Jibu lilikuja miaka ya 1990: ni kifafa, na mara nyingi kinaanzia sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ina mikunjo iliyo ndani, mbali na ngozi ya kichwa, kwa hiyo umeme wake unaweza usifike kwenye vinasa vyetu. Ndiyo maana nawasihi ndugu za wagonjwa: EEG ikitoka safi, msirudi nyumbani mkidhani mtoto anaigiza. Mwaka 1995 ikagunduliwa hitilafu ya jeni katika familia moja ya Australia yenye kifafa hiki, ikathibitika kwamba kwa baadhi ya watu hurithiwa.

Lugaresi alichunguza pia kukoroma na kukatika kwa pumzi usingizini, na mwaka 1986 timu yake ilieleza ugonjwa adimu wa kurithi unaomnyima mtu usingizi mpaka kufa. Lakini kwetu huku, faida kubwa ya kazi yake ni ile kamera, maana sasa karibu kila nyumba ina simu inayorekodi.

Mtu wako akishikwa usiku, washa taa, mfunue shuka, rekodi mwili mzima, na usiache mpaka atakapoitika jina lake. Tunachotafuta ni hiki: je, mitikisiko inafanana kila mara? Ni mifupi? Hurudi mara kadhaa usiku mmoja? Hayo yanaelekeza kwenye kifafa. Mtoto anayelia kwa hofu mara moja tu, saa chache za mwanzo za usingizi, kwa dakika nyingi na bila mpangilio, huenda ana vitisho vya usingizini, ambavyo kwa kawaida huisha akikua. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Mlaze ubavu, na mshtuko ukizidi dakika 5, mkimbize hospitali.

Dawa msiazimane. Kabamazepini iliyomfaa mgonjwa wa usiku inaweza kumzidishia kijana ambaye kikombe cha chai humponyoka asubuhi kwa mkono kushtuka, hasa akiwa amekesha. Hicho ni kifafa cha aina nyingine, nacho hupenda usingizi mchache. Mwanafunzi wa namna hiyo anayekesha akisoma wiki ya mtihani anajitafutia mshtuko mkubwa, na walimu wa bweni wanapaswa kulijua hili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata matibabu sahihi. Wanaoshikwa usiku tu nao wana haki ya matibabu hayo, ila huchelewa kutufikia kwa sababu mchana hakuna anayewaona wakiumwa. Njooni na video hiyo hata kama ni ya sekunde 30 na imetikisika.